Kadi za Maua kwa Rangi za Majani Makavu: Kuanzia Kuchuma Hadi Bahasha

Kila Septemba maswali huwa ni yale yale. Maua yangu yamekuwa meusi ndani ya kitabu, nifanyeje? Gundi imelowanisha karatasi ikajikunja, nilikosea wapi? Na lile linaloulizwa zaidi na sisi wa huku Kenya: nchi yetu haina majira ya majani kupukutika, sasa rangi hizo za kutu na dhahabu nitazitoa wapi?

Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linalowakatisha watu tamaa kabla hawajashika mkasi. Ulaya na Marekani, kuanzia Septemba, majani hupoteza ukijani wake, manjano iliyokuwa imefichwa chini yake ikajitokeza, na miti mingine ikatengeneza wekundu mpya. Huku karibu na ikweta miti haibadiliki yote kwa pamoja, lakini majani huzeeka mwaka mzima. Pita chini ya mkungu wowote (ule mti wa kivuli wenye majani mapana) Kisumu wakati wa kiangazi uokote majani yaliyoanguka: mekundu, ya shaba, mengine ya damu ya mzee. Kakamega kuna mti wanaouita musutsu, ambao jani lake likizeeka huwa la rangi ya machungwa kali kabla ya kuanguka. Nakuru mgrevilia umepandwa kila ua, na jani lake lililokatika-katika kama unyoya hukauka likawa la dhahabu. Majani machanga ya mwembe huchipuka yakiwa ya shaba. Ongeza masuke ya wimbi, na maganda ya mahindi kutoka Kitale, ambako mavuno huanza karibu Oktoba, nawe una rangi zote unazohitaji bila kununua hata moja.

Wakati nao unaafikiana. Mtihani wa KCSE, ule wa kumaliza sekondari, hufanywa kati ya Oktoba na Novemba, na watahiniwa bado hufurahia kadi ya kuwatakia heri. Desemba kuna harusi. Ukitaka kadi za mtihani ziwe tayari, maua yaingie kitabuni kabla Septemba haijaisha. Kazi ya mikono ni ya saa mbili tatu tu. Kinachokula muda ni kukauka, na karibu kila kadi iliyoharibika ambayo nimeletewa niikague iliharibika kwa sababu kitu fulani kilibandikwa kikiwa bado kibichi.

Utakavyohitaji

Kwa karatasi, tafuta nzito, ya gramu 200 hadi 300 kwa mita ya mraba. Manila ya kawaida ya duka la vitabu inafaa kwa mazoezi, ila ile nyembamba sana itapinda. Chukua nyeupe au ya samli. Bahasha ya kaki ya ofisi, ikifunguliwa na kukatwa, hutoa vipande vizuri vya kahawia vya kupambia.

Kwa kugandamiza maua: kitabu kikubwa cha zamani usichokihitaji tena, karatasi nyeupe zisizoandikwa, na uzito, yaani matofali mawili au ndoo ya maji. Karatasi za chooni zenye nakshi usitumie, alama zake hubaki kwenye petali.

Kwa rangi: majani ya chai, manjano ya unga, na magadi kidogo, yale yale ya kuchemshia mboga.

Kwa kubandika na kukata: gundi nyeupe ya mafundi wa mbao, burashi ndogo, kibano, kijiti cha kuchokolea meno, rula ya chuma, wembe au kisu cha karatasi, kalamu iliyokwisha wino, na kipande cha kadibodi cha kukatia juu yake. Pasi itasaidia, lakini si lazima.

Bahasha zinunue kabla ya kukata chochote. Wengi hutengeneza kadi nzuri halafu hukosa bahasha ya kuitosha. Vipimo nilivyovitoa hapa chini vinaingia katika bahasha ya milimita 114 kwa 162, ambayo hupatikana kwa urahisi.

Hatua kwa hatua

1. Chuma wakati ufaao. Subiri umande ukauke, yapata saa tatu au saa nne asubuhi, kabla jua halijawa kali. Ua lenye maji juu yake litaoza hata ulikaushe kwa uangalifu gani. Chuma lililofunguka karibuni. Lililochoka mtini litakuwa limechoka kwenye kadi pia.

Kwa anayeanza, bogenvilia ndiyo bora kuliko yote. Zile sehemu zake za rangi ni nyembamba na kavu tangu mtini, na ile ya machungwa na ile ya kutu hazibadiliki sana. Baada yake chukua maua ya tithonia, yale ya manjano-machungwa yanayoota kando ya barabara kote magharibi mwa Kenya, kisha alizeti ndogo. Waridi linafaa pia. Naivasha, inakolimwa mawaridi ya kupelekwa Ulaya, iko katika kaunti ya Nakuru, na wauza maua wa mjini mara nyingi huwa na shina lililovunjika ambalo watakupa kwa bei ndogo. Maua ya kulimwa kwa biashara hupuliziwa dawa, kwa hiyo nawa mikono ukimaliza.

Acha maua ya kibobakasi, ule mti wenye maua mekundu-machungwa unaojulikana pia kwa jina la Nandi flame. Yanatamanika, najua, lakini yamejaa maji na yatakuwa kahawia chafu. Acha pia mimea yenye utomvu mweupe, maana utomvu hudhuru macho na hutia karatasi madoa. Na msitu wa Kakamega ni hifadhi: usichume humo. Vya kutosha viko kando ya njia na kwenye ua wa jirani, ukiomba.

2. Andaa maua kabla ya kuyagandamiza. Hapa ndipo wengi huruka. Ua nene haligandamizwi zima. Alizeti na tithonia zing'oe petali moja moja, kitovu chake utakitengeneza baadaye. Waridi nalo ling'oe petali, ukitenga kubwa na ndogo. Suke la wimbi likate kidole kimoja kimoja. Jani lenye mshipa mnene upande wa nyuma, kama la mkungu, lipare mshipa huo kwa wembe mpaka likae sawa mezani. La mkungu pia ni kubwa mno kwa kadi, hivyo utakata vipande kutoka ndani yake, na vipande hivyo ndivyo vitakuwa majani yako madogo mekundu.

3. Gandamiza, na ubadilishe karatasi. Tandaza karatasi nyeupe ndani ya kitabu, panga petali zisigusane, funika na karatasi nyingine, acha kurasa kadhaa kabla ya kupanga nyingine. Funga, weka uzito.

Kesho yake fungua, toa karatasi zilizonyonya maji, weka kavu. Rudia siku ya tatu. Hatua hii ndogo ndiyo inayotofautisha petali ya dhahabu na petali nyeusi. Baada ya hapo acha kitabu kitulie. Bogenvilia na petali nyembamba huwa tayari kati ya siku saba na kumi, waridi na majani mazito huchukua wiki mbili hadi tatu. Kisumu, penye joto na unyevu wa ziwa, badilisha karatasi mara nyingi zaidi na usiweke kitabu kwenye sakafu ya saruji. Kiweke juu ya kabati, hewa ipite. Nakuru ni juu zaidi na hewa yake ni kavu, kwa hiyo utapata nafuu, isipokuwa wakati wa mvua.

Kupima ukavu: inua petali kwa kibano. Iliyokauka hukaa wima bila kulegea, na ukiigusa mdomoni haina ubaridi. Ikilegea, irudishe.

Una haraka? Weka petali kati ya karatasi mbili nyeupe, pasi ya moto mdogo bila mvuke, bonyeza sekunde kumi au kumi na tano, inua, acha ipoe, rudia. Usitelezeshe pasi. Njia hii ni nzuri kwa majani. Kwa maua rangi hufifia kidogo, ndiyo maana mimi hupendelea kitabu kila nikiwa na muda.

4. Tia karatasi rangi. Maua yakiwa kitabuni, shughulikia mandhari ya nyuma.

Kwa kahawia: chemsha vijiko vitatu vya mezani vya majani ya chai katika kikombe kimoja cha maji kwa dakika kumi, chuja, acha ipoe. Chai iwe tupu. Sukari huita sisimizi na maziwa huchacha. Ipake kwa burashi pana au sponji. Ukitaka rangi iliyokolea, acha mpako wa kwanza ukauke ndipo upake wa pili. Yale majani yaliyobaki kwenye chujio yakaushe juani uyaweke, utayahitaji.

Kwa manjano: koroga kijiko kimoja cha chai cha manjano ya unga katika nusu kikombe cha maji ya moto, chuja kwa kitambaa.

Na kwa rangi ya kutu, ambayo ndiyo roho ya kadi hizi: yeyusha robo kijiko cha chai cha magadi katika vijiko viwili vya maji. Paka manjano kwanza, yakiwa bado na unyevu gusa kwa burashi yenye maji ya magadi. Papo hapo mahali ulipogusa patageuka pekundu-kahawia. Gusa hapa na pale, usipake kote, ili manjano na kutu viingiliane. Hakuna karatasi mbili zitakazofanana, na huo ni uzuri wake.

Tahadhari mbili. Manjano hayatoki kwenye nguo, kwa hiyo vaa kitu cha zamani. Na magadi hubadilisha pia rangi ya maua: petali nyekundu ikilazwa juu ya magadi yenye unyevu huweza kugeuka bluu-kijivu. Petali nyekundu zikae juu ya karatasi ya chai, za manjano na za machungwa zikae juu ya kutu.

Karatasi ikikaribia kukauka itakuwa imejikunja. Isikutishe. Ilaze kati ya magazeti, weka vitabu juu, iache usiku kucha.

5. Kata. Kadi yenyewe haitiwi rangi. Karatasi ya rangi hubandikwa juu yake kama kidirisha. Nilichagua njia hii kwa sababu karatasi iliyolowa haikunjiki vizuri, na pia kidirisha kikiharibika hujapoteza kadi nzima.

Karatasi ya A4 ikate katikati upate vipande viwili vya milimita 148 kwa 210. Kila kimoja ni kadi. Kidirisha kikate milimita 95 kwa 138, ili kibaki na ukingo mweupe wa milimita tano kila upande. Tumia rula ya chuma, pitisha wembe mara mbili tatu kwa wepesi badala ya mara moja kwa nguvu.

6. Kunja. Pima katikati, weka rula, pitisha ile kalamu isiyo na wino mpaka upate mfereji, ndipo ukunje. Ukikunja bila mfereji, karatasi nzito hupasuka kwenye mkunjo na nyuzi nyeupe hutokeza. Ikiwa bado inapasuka, uzi wa karatasi, yaani mwelekeo wa nyuzi zake, unaenda upande mwingine. Pinda taratibu karatasi nzima kabla ya kukata, kwa urefu kisha kwa upana: upande unaopinda kwa wepesi ndio wa kukunjia.

7. Andika kabla ya kubandika. Watu hushangaa nikiwaambia hivi. Lakini ukikosea neno baada ya maua kuwekwa umepoteza vyote, na tena ni vigumu kuandika juu ya kadi yenye vilima upande wa pili. Fungua kadi, andika ujumbe ndani, acha wino ukauke.

Uwe mfupi na wa kweli. Kwa mtahiniwa: "Umejiandaa. Ingia kwa utulivu, Mungu akuongoze." Kwa maharusi: "Nyumba yenu iwe na amani na baraka." Kwa aliyefiwa, rangi hizi tulivu zinafaa kuliko kadi za dukani zenye kung'aa: "Poleni sana. Tuko pamoja nanyi." Ukimwandikia mkubwa wako, anza na shikamoo kama ambavyo ungeanza ukifika kwake.

8. Panga bila gundi. Tumia muda wako wote hapa. Chagua rangi tatu: moja nzito kama damu ya mzee au kahawia, moja ya kati kama machungwa au kutu, moja nyepesi kama samli au manjano hafifu. Kijani kiwe kidogo sana au kisiwepo. Kadi nyingi za wanaoanza hupoteza sura ya majani makavu kwa sababu mtu ametia majani mabichi matatu ya kijani kikali, macho yakaenda huko.

Tanguliza majani, yakielekea nje. Halafu ua kubwa, lisikae katikati kabisa. Lishushe kidogo na kulisogeza upande mmoja. Mwisho vile vyembamba, kidole cha wimbi, nyasi yenye mbegu, unyoya wa mgrevilia. Theluthi moja ya kidirisha ibaki tupu. Ukiona pamejaa, ondoa kitu kimoja. Kisha piga picha kwa simu, maana ukianza kubandika utasahau kipi kilikuwa wapi.

9. Bandika. Changanya sehemu mbili za gundi na moja ya maji. Geuza petali, gusa gundi katikati na kwenye shina lake tu, kwa kijiti. Gundi ikipakwa petali nzima huloweka, na unyevu wote uliotoa kwa wiki mbili unarudi. Ilaze kwa kibano, bonyeza kwa karatasi kavu, sio kwa kidole chenye jasho.

Ua la alizeti lijenge kuanzia nje: mzunguko wa petali, mzunguko wa pili ukiziba mianya ya wa kwanza, halafu tone la gundi katikati, na juu yake nyunyiza yale majani ya chai uliyokausha. Yanashika vizuri na yanafanana kabisa na kitovu chenyewe. Waridi fanya vivyo hivyo, petali kubwa nje, ndogo ndani zikipandana.

Maganda ya mahindi yanaokoa anayekosa maua. Yaloweke dakika chache, yapige pasi yanyooke, chora petali, kata. Yanapokea chai na manjano kama karatasi, na hayavunjiki.

10. Gandamiza mara ya mwisho. Funika kidirisha kwa karatasi nyeupe, weka kitabu juu, acha hadi kesho. Ndipo ukibandike kwenye kadi kwa gundi nyembamba kwenye kingo na katikati, ukigandamize tena saa moja. Kadi itakayoshikwashikwa ifunike kidirisha chake kwa nailoni ya kujibandika ya kufunikia vitabu. Sipendekezi kuipeleka kwenye mashine ya plastiki ya moto dukani, kwani joto likikuta unyevu uliobaki petali hugeuka kahawia mbele ya macho yako.

Mambo yakienda mrama

*Petali zimekuwa nyeusi kitabuni.* Zilichumwa na umande, au karatasi hazikubadilishwa. Haziponi. Anza upya, na wakati unasubiri tumia majani kwa pasi.

*Kuna ukungu mweupe.* Tupa maua hayo pamoja na karatasi zake, wala usiyapanguse ukayatumia, maana ukungu utaenea kwenye kadi nyingine ndani ya boksi.

*Petali zinavunjika ukizigusa.* Zimekauka kupita kiasi, hasa kwa pasi. Ziache kwenye meza ndani ya nyumba usiku mmoja, zitapata ulaini kidogo. Kisha zishike kwa kibano chini, karibu na shina.

*Kidirisha kimejikunja baada ya kubandikwa.* Gundi ilikuwa nyingi au ya maji mno. Pitisha maji kidogo sana, kwa kitambaa, nyuma ya kadi yenyewe, igandamize siku nzima. Mara nyingi hunyooka.

*Rangi ya kutu imefifia.* Manjano hayapatani na jua. Kadi zikae ndani ya bahasha au boksi, wala usizipange dirishani zikisubiri mnunuzi. Kwa kadi itakayowekwa kwenye fremu tumia chai peke yake.

*Kadi inanuka manjano.* Iache wazi mahali penye hewa siku mbili, harufu huisha.

*Maua yote yamebanduka.* Umetumia gundi ya ofisi ya chupa, ambayo ikikauka huwa kama kioo na kuachia. Badilisha.

Kutuma

Kwa posta ya hapa nchini, weka kipande cha kadibodi nyembamba ndani ya bahasha ili kadi isipindwe, na bahasha hiyo iweke ndani ya nyingine kubwa. Ukituma nje ya nchi, kumbuka baadhi ya nchi hukagua vitu vya mimea hata vikiwa vikavu, na Australia ni kali sana katika hilo. Kwa ndugu wa huko, kata maua kutoka kwenye karatasi uliyoitia rangi ya chai na kutu, kwa mpangilio uleule. Hatua zote kuanzia ya nne hazibadiliki, ila usibandike majani ya chai wala kitu kingine cha mmea.

Petali zilizobaki zitie katika bahasha za kaki, kila aina yake, uandike nje jina la mmea na mwezi ulioichuma. Weka mahali pakavu na penye giza, na uzitumie kabla ya mwaka kwisha.